Maji Magumu, Sabuni, na Amani ya Nyumba



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kufua nguo. Huenda mtu akauliza, Je, gazeti la Wakristo lina shughuli gani na karai na sabuni? Lakini tumeona ya kuwa katika nyumba nyingi maneno makali huanzia hapo. Mume hununua mche wa sabuni, na kabla ya juma kwisha sabuni hakuna tena. Basi humwambia mkewe kwamba ni mpotevu wa mali. Mwalimu naye humwona mtoto darasani amevaa shati lililokuwa jeupe na sasa ni la kijivu, humhesabu kuwa mchafu na mvivu, pengine humwadhibu mbele ya wenzake. Kumbe mama yake amelifua shati lile kwa bidii, na kosa si la mke wala la mtoto, ila ni la maji. Nasi twajua kwamba kumhukumu mtu pasipo kuchunguza ni dhuluma, hata kama neno lenyewe ni la kipande cha sabuni tu.

Maji yote si mamoja. Maji ya mvua yashukapo kutoka mawinguni hayana madini, nayo huitwa maji laini. Yapitapo katika udongo na miamba huyeyusha madini, hasa ya chokaa, yaitwayo kalsiamu, na mengine yaitwayo magnesiamu. Maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu. Kwa macho huwezi kuyatambua, maana huweza kuwa meupe na maangavu kama kioo. Lakini ukiyatia sabuni utaona ajabu: povu halitoki, bali hutokea utando mweupe kama maziwa yaliyoharibika, unaonata karaini na mikononi. Utando ule ni sabuni yenyewe iliyoshikamana na chokaa. Haiwezi tena kuondoa uchafu. Tena huingia katika nyuzi za nguo, nguo nyeupe ikawa ya kijivu, na kitambaa laini kikawa kigumu.

Sisi tukaao Kiriba na pande zote za Musoma tumepewa ziwa kubwa la Victoria. Sehemu kubwa ya maji yake, kama sehemu nne katika tano, huwa ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo maji yake ni laini, na sabuni hutoa povu upesi. Lakini maji ya visima vilivyochimbwa chini sana yamekaa muda mrefu kati ya mawe, na mengine huwa magumu. Huko Unguja na Mombasa, ambako ardhi ni ya mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu, watu wa visimani wayajua sana maji ya namna hii. Hata London, mji mkuu wa Uingereza, maji yake ni magumu, na birika za huko hujaa ukoko mweupe ndani.

Sasa na tuhesabu, ili tusiseme kwa kukisia. Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Yakiwa chini ya 60, maji ni laini. Yakipita 180, ni magumu sana. Kila gramu moja ya chokaa huharibu gramu 6 hivi za sabuni kabla povu halijatoka. Basi chukua ndoo ya lita 20 yenye maji ya miligramu 200: ndani yake mna gramu 4 za chokaa, nazo zitakula gramu 24 za sabuni bure. Mama akitumia ndoo tatu kwa ufuaji mmoja, gramu 72 zimepotea. Akifua mara moja kila juma, kwa mwaka hupotea kama kilo 3 na robo tatu. Haya, ni nani aliye mpotevu wa mali?

Tena kila nyumba yaweza kujaribu maji yake bila gharama. Twaa chupa mbili zilizo sawa na safi. Moja tia maji ya mvua hata theluthi yake, ya pili tia maji ya kisima kadiri ile ile. Kwangua sabuni ya mche, utie kiasi kilicho sawa katika kila chupa, kisha uzitikise kwa nguvu. Penye povu jingi maji ni laini. Penye povu haba na ukungu mweupe, maji ni magumu. Mashine ya kufulia haihitajiki kwa jaribio hili, wala shahada. Walimu wetu wafanye haya mbele ya wanafunzi, nao watoto wataelewa kuliko kwa maneno mengi.

Dawa yake ni nini? Ya kwanza ni magadi. Nabii Yeremia alipowaonya watu wa Yuda aliyataja magadi pamoja na sabuni, kama vitu vya kujioshea. Basi tangu zamani zile watu waliyajua. Magadi huivuta chokaa kutoka majini na kuifanya vumbi zito linalozama. Saga magadi, tia kijiko kikubwa kimoja katika ndoo ya maji magumu, koroga, uache usiku kucha. Asubuhi mimina maji ya juu polepole, uache tope la chini. Bibi zetu walifanya vivi hivi kwa majivu ya kuni yaliyochujwa. Lakini maji hayo ni ya kufulia tu, si ya kunywa. Wala usiyatumie kwa nguo za sufu, maana huziharibu. Ya pili ni kuchemsha, ambako huondoa sehemu ya ugumu, si wote, nako hula kuni nyingi. Ya tatu ni sabuni ya unga ya siku hizi, ambayo haigandi kama sabuni ya mche, ingawa nayo hupungua nguvu katika maji magumu.

Wengine watasema, Mbona tunahangaika, na ziwa li karibu? Hapa yatupasa kusema kwa uzito. Mama asimamaye majini kwa muda mrefu akifua, na watoto wakicheza kando yake, wamo katika hatari ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono waishio penye majani ya pwani, hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na baada ya miaka huharibu matumbo na ini. Nguo nyeupe isinunuliwe kwa afya ya mtoto. Ni afadhali kuchota maji mahali pasipo majani, kwenye jiwe au gati, bila kuingia majini. Kuyaweka siku mbili katika chombo safi kilichofunikwa, kwani vijidudu vile hufa vikikosa mtu wa kumwingia. Kisha kufulia uani, na kumwaga maji ya sabuni shambani, si ziwani.

Lakini iliyo bora kuliko zote ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 10, hutoa kama lita 400, yaani ndoo 20, za maji laini yasiyo na konokono. Yaache yale ya kwanza yaoshe paa, kisha yakinge katika pipa lenye kifuniko.

Neno moja kwa walionunua mashine za kufulia, nazo zaanza kuonekana mijini, na kwa watoto wetu walio nchi za mbali. Ndani ya mashine nyingi mna chuma kinachopasha maji moto. Maji magumu yapatapo moto huacha ukoko wa chokaa juu ya chuma kile, kama katika birika. Chuma hulazimika kufanya kazi zaidi, umeme hupotea, na mwisho huungua. Basi fua kwa maji ya baridi iwezekanapo. Mara kwa mara endesha mashine tupu, bila nguo, ukitia siki au unga wa asidi ya limau, kwa kadiri kitabu cha mashine kiruhusuvyo. Ila jihadharini sana: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Ndugu zetu, maarifa haya si makubwa, lakini yaweza kuleta amani. Mume na ayajaribu maji kabla ya kumlaumu mkewe, kisha anunue pipa na bati la kukingia. Mwalimu na aulize shati lilifuliwa kwa maji gani kabla ya kushika fimbo. Mungu ametupa mvua pasipo bei; tusiiache ipite bure juu ya mapaa yetu, huku tukigombana juu ya sabuni.