Kilo 30 Nyuma ya Kisogo

Katika jaribio moja la usalama wa magari, anayechunguzwa si dereva bali mzigo wake. Masanduku mawili magumu, kila moja lenye kilo 18 na pande za sentimita 30, huwekwa ndani ya buti nyuma ya viti vya abiria, kisha bodi ya gari husimamishwa ghafla kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Mgongo wa kiti unaruhusiwa kupinda, ila si kupita mpaka uliowekwa. Kama gari lina kizuizi kinachotenganisha buti na abiria, sanduku jingine la kilo 10 huinuliwa hadi usawa wa juu ya viti ili lirushwe kwenye kizuizi chenyewe. Ndivyo inavyotaka Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wanaouza magari yao Ulaya.

Kilo 36 za masanduku hayo mawili ni uzito wa Labrador dume mkubwa. Lakini sanduku halisimami kuchungulia dirishani, halijikung'uti maji, wala halikojoi. Ndiyo maana wenye mbwa huongeza vitu viwili ndani ya stesheni-wagoni: grili ya kumzuia mbwa na mkeka wa buti. Madukani huwekwa rafu moja, kana kwamba ni kazi moja. Kisayansi viko mbali sana.

Tuanze na grili. Gari la saluni lina ukuta wa viti na chuma kati ya abiria na buti. Stesheni-wagoni, iwe Skoda Octavia au Volvo ya Ulaya, iwe Probox au Fielder inayojaa barabara za Nairobi na Dar es Salaam, paa lake hunyooka hadi mlango wa nyuma, na juu ya viti hubaki uwazi mtupu. Mbwa wa kilo 30 aliyesimama kwenye buti hana kitu kati yake na kisogo cha mtoto aliyekaa kiti cha nyuma.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mbwa huyo amebeba nishati mwendo ya karibu jouli 2,900. Ni nishati ile ile ambayo angekuwa nayo akianguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Kwa kilomita 100 kwa saa nishati haizidi mara mbili bali mara nne, kwa kuwa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Breki za gari zinashughulika na gari. Mbwa asiyefungwa huendelea na safari yake mpaka akutane na kitu.

Kitakachoamua ukali wa kukutana huko ni umbali, na hapa ndipo wanunuzi wengi wasipotazama. Gari linapogonga ukuta, pua yake hukunjika, na bodi husimama ndani ya, tuseme, sentimita 60. Mbwa aliyelala akiwa ameegemea mgongo wa kiti hupunguza mwendo pamoja na gari katika sentimita hizo 60, na kani inayomkandamiza ni kama mara 16 ya uzito wake, yaani karibu nusu tani. Ni kubwa, lakini imetandazwa kwenye ubavu mzima. Sasa mweke mbwa huyo huyo mwisho wa buti, karibu na mlango. Wakati gari linasimama, yeye bado anateleza, na anapofika kwenye grili gari limekwisha kutulia, naye yuko katika mwendo wake wote wa kilomita 50. Grili ikilegea na kumpokea kwa sentimita 10, kani hupanda hadi karibu mara 98 ya uzito wake. Mgongano ni ule ule na mbwa ni yule yule, lakini mahali alipolala pamezidisha kani mara sita.

Kwa hiyo buti kubwa ambalo matangazo hulisifu si zawadi kwa mbwa mdogo. Afadhali apunguziwe nafasi: kizimba kilichobanwa kwenye mgongo wa kiti, au kizuizi cha kati kinachogawa buti.

Grili zenyewe zina koo tofauti. Rahisi kuliko zote ni ile ya mabomba yanayorefushwa, yenye vikombe vya mpira vinavyobana sakafu na paa. Inaingia karibu gari lolote, na hilo ndilo linaloiuza. Inashikiliwa na nini? Na msuguano wa vikombe vya mpira juu ya kitambaa cha paa. Kumzuia mbwa mtundu asirukie viti inatosha. Kuzuia nusu tani ni habari nyingine. Inayofuata hufungwa kwenye nguzo za viegemeo vya vichwa. Hiyo ina nguvu zaidi, lakini mzigo wote unaishia kwenye mgongo wa kiti, ambao kanuni iliupima kwa masanduku, si kwa masanduku pamoja na chuma cha ziada. Ya tatu imetengenezwa kwa ajili ya modeli moja ya gari na hufungwa kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kilishayaacha ndani ya bodi. Ina bei, na inahitaji subira ya kutafuta. Hata hivyo, kati ya hizo tatu ni hiyo peke yake inayopeleka kani mahali inapostahili kwenda, yaani kwenye chuma cha gari.

Magari mengi ya Ulaya huja pia na wavu wa kitambaa unaovutwa kutoka nyuma ya kiti na kuning'inizwa kwenye vishikio viwili vya darini. Watu huudharau kwa sababu ni mwepisi. Wasiudharau: vishikio vyake vimefungwa kwenye bodi, na wavu ukivutika hutumia nishati polepole. Udhaifu wake ni meno. Mbwa kijana akiachwa nao kwa saa moja anaweza kuumaliza.

Ujerumani ina kipimo chake cha vizuizi vya namna hii, DIN 75410, na shirika la kimataifa la viwango lina ISO 27955. Namba hizo zikiandikwa kwenye boksi, maana yake kizuizi kilijaribiwa kwa kurushiwa mzigo. Maneno kama "imara" na "chuma kizito" hayana maana ya namna hiyo.

Sheria nazo zinatofautiana. Ibara ya 57 ya Highway Code ya Uingereza inamtaka dereva amdhibiti mbwa asimsumbue, wala asimwumize dereva au kujiumiza mwenyewe gari likisimama ghafla, na inataja grili miongoni mwa njia zinazofaa. Ujerumani, kwa upande wake, humhesabu mbwa kuwa mzigo unaopaswa kufungwa, jambo ambalo mbwa hangelipenda lakini mwanafizikia analikubali.

Mambo mawili husahaulika. Kwanza, magari ya kisasa yana mifuko ya hewa iliyofichwa pembeni mwa paa, ambayo hushuka kama pazia wakati wa ajali. Bomba la grili lililobana ukingo huo linaweza kuuzuia mfuko au kurushwa nao. Pili, ajali si za mbele tu. Gari likigongwa nyuma, buti ndilo linalokunjika, naye mbwa yumo. Kizimba kigumu mno kinaweza kusukumwa mbele na kuvunja mgongo wa kiti. Ndiyo sababu Wasweden wa kampuni ya MIM walitengeneza kizimba chao, Variocage, ili kifupike kinapobanwa, na kukiwekea mlango wa dharura upande wa viti. Nchini Marekani, taasisi ya Center for Pet Safety ilishirikiana na Subaru kujaribu mikanda na vizimba kwa kutumia mbwa bandia. Mikanda mingi iliyojaribiwa mwaka 2013 ilishindwa kumshika mbwa huyo inavyotakiwa.

Mkeka wa buti haushughuliki na kani za namna hiyo. Kazi yake ni maji, kucha na kona.

Maji kwanza. Mwaka 2012 kundi la David Hu la Georgia Tech lilichapisha utafiti wa jinsi wanyama wenye manyoya wanavyojikung'uta. Waliwapiga picha za kasi kubwa, kuanzia panya hadi dubu. Labrador hujitikisa zaidi kidogo ya mara nne kwa sekunde, panya mdogo karibu mara 30, na mbwa aliyelowa huweza kuondoa kama asilimia 70 ya maji ndani ya sekunde nne. Maji hayo hayadondoki chini. Hurushwa pembeni pande zote. Mkeka bapa, hata uwe mzuri namna gani, unakinga sehemu ambayo maji hayaendi. Kinachohitajika ni kingo zilizoinuka, na ikiwezekana kitambaa kisichopitisha maji kinachopanda hadi kwenye kuta za buti na kufunika bampa mbwa anapopanda.

Kucha na kona zinahusu msuguano. Gari likikata kona yenye nusu kipenyo cha mita 20 kwa kilomita 30 kwa saa, mbwa husukumwa pembeni kwa kani ya theluthi moja hivi ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 30, ni kama kuvutwa na mzigo wa kilo 10 kila kona. Trei ngumu za polietilini husafishika kirahisi, ila zikilowa huteleza, na mbwa hushinda safari nzima amekaza misuli asianguke. Mpira unashika vizuri zaidi. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hauyeyuki kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi, hakuna aliyepata sakafu ya kazi iliyo bora kwa kiasi kikubwa. Elastoma za kisasa, zinazoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kama plastiki, huufikia kwa mshiko na ni nyepesi zaidi. Mikeka ya PVC ya bei ya chini hutoa harufu ya vilainishi vyake juani, na mbwa ana vipokezi vya harufu mamia ya milioni puani.

Mkojo ukivuja chini ya kapeti, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, na hapo wengi hukimbilia Jik, dawa yenye klorini. Wasiitumie: klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu, tena ndani ya gari lililofungwa. Maji mengi, sabuni, kisha kapeti ing'olewe ikaushwe. Aidha, chini ya sakafu ya buti kuna shimo la tairi la akiba, na katika baadhi ya magari kuna nyaya na vifaa vya umeme, ambavyo havistahimili chumvi ya mkojo.

Kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki kuna mtego wa ziada. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kufika Mombasa au Dar es Salaam, na jina moja hubeba mabodi tofauti. Fielder ya NZE141 na ya NZE161 ni magari mawili, si moja. Mtu amtajie muuzaji namba ya chesisi, si jina la gari tu. Asipopata grili ya modeli yake, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuunda moja ya mabomba, ilmradi aifunge kwenye matundu ya bolti yaliyopo na asitoboe karibu na mikanda wala mifuko ya hewa.

Hakuna grili wala mkeka unaomlinda mbwa na joto. Watafiti wa Stanford walipima mwaka 2005 magari yaliyoegeshwa juani: joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, sehemu kubwa ikiwa ndani ya nusu saa ya kwanza, na kufungua vioo kidogo hakukusaidia sana. Dereva akishuka, mbwa naye ashuke.

Na kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, inunuliwe grili ya bolti. Kwa mkeka, kipande cha mpira wa kawaida kilichokatwa kwa kisu kufuata sakafu ya buti kitafaa kwa muda.