Panga, Mishale na Watawa: Rekodi 10 za Japani ya Samurai

Samurai wa kale walikuwa watu wa hesabu. Pambano likiisha, mpiganaji aliandikiwa ripoti: nani alitangulia kumfikia adui, vichwa vingapi vilikatwa, farasi gani alijeruhiwa, na nani alikuwa shahidi. Ripoti ilipelekwa kwa jemadari, na ndiyo iliyoamua malipo. Watu wa namna hiyo wanastahili kupangwa kwa namba. Basi tunawapanga, kutoka ya 10 hadi ya 1, kuanzia karne ya 12, koo za Taira na Minamoto zilipoanza kugombea madaraka, hadi mwaka 1600. Rekodi mbili zimeruka mpaka huo, na zimeruka kwa haki.

10. Mstaafu mdogo kuliko wote

Mfalme Rokujo alikalia kiti cha enzi mwaka 1165 akiwa na umri wa miezi 7. Mwaka 1168 akang'atuka. Alikuwa na miaka 3! Umri ambao mtoto hajapelekwa hata chekechea, yeye alikuwa tayari mfalme mstaafu. Aliyerithi kiti alikuwa ami yake, Takakura, na huyo ami alikuwa na miaka 6. Madaraka yenyewe yalikuwa mikononi mwa babu, Go-Shirakawa, mfalme mstaafu aliyeendesha mambo kutoka nyuma ya pazia. Kwa mzee wa aina hiyo, mfalme anayenyonya hakuwa na usumbufu wowote.

9. Chumba kidogo chenye wageni wakubwa

Taian ni chumba cha chai kinachohusishwa na Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa karne ya 16, na kimesimama hadi leo huko Yamazaki, karibu na Kyoto. Pa kukaa ni mikeka miwili tu ya tatami. Kitandike kitanda cha sita kwa sita humo, na sakafu karibu yote imekwisha. Mlango wake ni kijitundu ambacho hata kiongozi mwenye majeshi ya maelfu ilibidi akipite kwa magoti, kichwa chini. Upanga uliachwa nje, kwa sababu hakuna anayetambaa na upanga kiunoni. Humo ndani mwenye nchi na mfanyabiashara walikaa goti kwa goti wakapokezana bakuli moja. Katika zama ambazo ndugu walichinjana, sijui chumba kingine kidogo hivyo kilichofanya kazi kubwa hivyo.

8. Vita virefu, vita vifupi

Virefu: Vita vya Onin, 1467 hadi 1477. Vilipiganwa ndani ya mji mkuu wenyewe, Kyoto, mtaa kwa mtaa, hadi sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Makamanda wawili walioviongoza, Yamana Sozen na Hosokawa Katsumoto, walifariki wote mwaka 1473. Wafuasi wao wakaendelea kupigana miaka mingine 4.

Vifupi: Sekigahara, tarehe 21 Oktoba 1600. Watu zaidi ya 150,000 walikutana kwenye bonde lenye ukungu, wakaanza kama saa mbili asubuhi, na kufikia alasiri mambo yalikuwa yamekwisha. Muda wa saa 6 hivi! Kobayakawa Hideaki, aliyekuwa amekaa kilimani na jeshi lake, aliwageuka wenzake katikati ya mapambano, na Tokugawa Ieyasu akaibuka mshindi. Ukoo wake ukatawala kwa zaidi ya miaka 250. Kwa faida iliyotoka katika muda mfupi, hakuna siku ya kazi inayoifikia ile.

7. Upanga mrefu kuliko goli

Mwaka 1446 mhunzi Norimitsu wa Osafune alimaliza upanga wenye urefu wa sentimita 377 kuanzia kitako cha mpini hadi ncha. Mwamba wa goli la mpira wa miguu uko sentimita 244 kutoka ardhini. Simamisha upanga huo golini na ncha itaupita mwamba kwa zaidi ya mita nzima. Una kilo 14.5, wakati upanga wa kawaida wa samurai una kilo moja na ushee.

Mtu wa kuuzungusha vitani hayumo katika hesabu hii. Upanga ulikuwa sadaka, nao ni mali ya madhabahu ya Kibitsu, Okayama. Anayestahili heshima ni mhunzi. Bapa la Kijapani hupakwa udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha hupashwa moto na kutumbukizwa majini kwa mara moja. Hapo ndipo linapojikunja na kupata umbo lake, na hapo ndipo mengi hupasuka. Sasa fanya hivyo kwa bapa la zaidi ya mita 2, joto liwe sawa kutoka shina hadi ncha, na uwe na nafasi moja tu.

6. Mnara wa mbao uliolizidi jumba la KICC

Ashikaga Yoshimitsu, yule yule aliyejenga Banda la Dhahabu la Kyoto, hakuridhika na dhahabu. Mwaka 1399 alikamilisha mnara wa ghorofa 7 kwenye hekalu la Shokoku-ji, na kumbukumbu zinautaja kuwa na urefu wa mita 109. Jumba la KICC la Nairobi, zege tupu la karne ya 20, lina mita 105. Yoshimitsu alilipita kwa mbao, miaka zaidi ya 570 kabla!

Mwaka 1403 radi ikauteketeza. Ulidumu miaka 4 tu, na Japani haikupata tena kitu kirefu kuliko huo hadi karne ya 20.

5. Mtu mrefu kuliko wote

Hapa pwani yetu inaingia kwa haki yake. Mwaka 1579 Mjesuiti Mwitaliano, Alessandro Valignano, alitua Japani akiwa na mhudumu Mwafrika ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Kitabu cha Mjesuiti Mfaransa François Solier, cha mwaka 1627, kinasema alitoka Msumbiji. Alipofika Kyoto mwaka 1581, watu walisukumana kumwona hadi wengine wakaumia. Oda Nobunaga, mbabe aliyekuwa akiiunganisha nchi kwa moto na chuma, aliagiza aletwe, akamvua nguo hadi kiunoni, akaamuru asuguliwe. Rangi haikutoka. Nobunaga akampenda.

Matsudaira Ietada, samurai aliyeandika shajara, alimkadiria kwa vipimo vya kwao, na kwa vyetu ni kama sentimita 188. Wanaume wengi wa Japani wakati huo hawakufika 160. Kumbukumbu ya Ota Gyuichi, mtu wa Nobunaga, inaongeza kwamba alikuwa na nguvu za watu 10. Alipewa nyumba, posho na upanga mfupi. Juni 1582, Akechi Mitsuhide alipomwasi Nobunaga na kumzingira kwenye hekalu la Honno-ji, bwana akajiua. Yasuke alikwenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga hadi alipotakiwa kusalimisha upanga wake. Alirudishwa kwa Wajesuiti akiwa hai. Safari ya kutoka Bahari ya Hindi hadi ukumbi wa mtu mwenye nguvu kuliko wote Japani: kwa hiyo peke yake namweka juu ya mnara wa mita 109.

4. Jeshi kubwa kutoka baharini

Kublai Khan, bwana wa Wamongoli, alipeleka watu Japani mwaka 1274, wakarudi bila nchi. Mwaka 1281 akapeleka tena, na safari hii kumbukumbu za wakati ule zinataja meli 4,400 na watu 140,000. Wanahistoria wa leo huzipunguza namba hizo, lakini tuzitazame jinsi zilivyoandikwa: Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam hubeba watu 60,000. Jaza uwanja huo mara mbili, na bado watu 20,000 wako nje ya geti!

Wajapani walikuwa wamejiandaa kwa ukuta wa mawe wa takriban kilomita 20 kuzunguka Ghuba ya Hakata, urefu wa mita 2 hadi 3. Kila mwenye ardhi wa kisiwa hicho cha Kyushu alipewa kipande chake cha kujenga kulingana na ukubwa wa shamba lake. Wavamizi walikwama baharini kwa wiki kadhaa, na katikati ya Agosti tufani likawapiga. Wapiga mbizi wanaochunguza mabaki karibu na kisiwa cha Takashima wameokota hadi mabomu ya udongo yaliyojazwa baruti.

Na katika vita hivyo kuna bingwa mdogo ninayempenda kuliko Khan. Takezaki Suenaga, samurai maskini wa Kyushu, mwaka 1274 aliwavamia Wamongoli akiwa na wapanda farasi wachache wanaohesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, kwa lengo moja: awe wa kwanza. Farasi wake akapigwa mshale, naye akamwaga damu. Malipo hayakuja. Mwaka 1275 akauza farasi na matandiko apate nauli, akasafiri hadi Kamakura, makao ya serikali ya kishogun, akadai uso kwa uso kwa ofisa wa serikali hiyo, Adachi Yasumori. Akapewa ardhi na farasi. Baadaye akachoresha kisa chote kwenye hati ndefu ya picha, ambayo ipo hadi leo. Ni dai la malipo lenye picha bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia.

3. Kazi ya haraka kuliko zote

Siku 69. Kumbuka namba hiyo.

Mwaka 1180 jeshi la Taira lilichoma hekalu la Todai-ji mjini Nara. Mtawa Chogen, aliyekuwa amepita miaka 60, akapewa kazi ya kulijenga upya. Kwenye lango kuu la kusini alitaka walinzi wawili wa mbao, na mwaka 1203 wachongaji Unkei na Kaikei wakaingia kazini na wenzao. Kila sanamu ina mita 8.4, twiga dume wa mita 5 akisimama kando yake hafiki begani. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 6, na imeungwa kwa vipande karibu 3,000 vya mbao. Misuli imetuna, mishipa imesimama shingoni, mmoja amefunua kinywa na mwingine amefunga.

Siku 69 kwa zote mbili!

Wala hawakulipua kazi. Sanamu zilipofunguliwa kwa matengenezo kati ya 1988 na 1993, mafundi waligundua kwamba wachongaji walikuwa wamerekebisha kitovu na macho baada ya kuviweka, ili mtu aliye chini langoni aone uso unamtazama yeye. Wakiwa mbioni namna ile, bado walipata muda wa kushuka, kutazama juu, na kupanda tena kusahihisha.

2. Ibada ndefu kuliko zote

Honen (1133–1212) alifundisha kwamba mtu yeyote, awe mkulima au muuaji wa vitani, anaweza kuokoka kwa kulitaja jina la Budha Amida. Yeye mwenyewe inasimuliwa alilitaja mara 60,000 kwa siku. Anayevuta tasbihi ya punje 99 angeizungusha zaidi ya mara 600 kabla ya kulala. Ni mara moja kila sekunde, kwa muda wa karibu saa 17. Kisha mwanafunzi wake Shinran akaenda ncha ya pili: kutaja mara moja kwa imani ya kweli kunatosha. Mwalimu na mwanafunzi wanashika rekodi mbili, ya juu na ya chini!

Lakini medali ya hapa inakwenda Mlima Hiei, juu ya Kyoto, kwa watawa wa Enryaku-ji. Hekalu hilo Oda Nobunaga alilichoma mwaka 1571, likajengwa tena, na desturi yake ya kutembea ikaendelea. Ni siku 1,000 katika miaka 7. Mtawa huvaa nguo nyeupe, rangi ya sanda, na viatu vya nyasi. Hubeba kamba na kisu, kwa kuwa desturi ilimtaka akishindwa asirudi hai. Siku nyingi hutembea kilomita 30. Baada ya siku ya 700 hukaa siku 9 bila chakula, bila maji, bila usingizi. Mwaka wa saba, kwa siku 100, hutembea kilomita 84 kila siku, yaani marathoni mbili leo, mbili kesho, mbili keshokutwa. Jumla inakaribia mzunguko wa dunia. Mabingwa wa Eldoret na Iten wanajua maana ya marathoni moja. Yusai Sakai alimaliza siku zake 1,000 mwaka 1980, akaanza upya, akamaliza tena mwaka 1987 akiwa na miaka 60.

1. Jengo refu, sanamu 1,001 na mshale kila sekunde 7

Sanjusangen-do ya Kyoto inashika nafasi ya kwanza kwa sababu ina rekodi tatu chini ya paa moja. Jengo la sasa ni la mwaka 1266. Ni la mbao, na lina urefu wa takriban mita 120. Uwanja wa mpira wa kimataifa wenye mita 105 unaingia na chenji inabaki. Ndani yake kuna sanamu 1,001 za Kannon, mwenye huruma. Elfu moja zimesimama safu kwa safu, zimepakwa dhahabu, 124 kati yake ziliokolewa kwenye moto wa mwaka 1249. Ya 1,001 imeketi katikati, nayo ilikamilishwa mwaka 1254 na Tankei, mtoto wa Unkei, akiwa na miaka 82.

Sasa toka nje, upande wa magharibi, kwenye baraza. Samurai kabla ya kuwa mtu wa upanga alikuwa mtu wa upinde. Upinde wake una zaidi ya mita 2, unampita mwenyewe kwa urefu, na hushikwa chini ya katikati ili aweze kuutumia juu ya farasi. Vita vilipokwisha baada ya Sekigahara, wapiga upinde walihamishia ushindani wao barazani hapa. Mpigaji aliketi upande wa kusini na mshale ulitakiwa uruke baraza lote, chini ya paa la chini, utokee kaskazini bila kugusa boriti. Ukipiga juu sana, umegonga mbao. Ukipiga chini sana, umeanguka njiani. Uliotokea upande wa pili tu ndio uliohesabiwa, na shindano kubwa lilidumu mchana na usiku, saa 24.

Mwaka 1669 Hoshino Kanzaemon alipitisha mishale 8,000 kati ya 10,542. Ilidhaniwa basi. Mwaka 1686 akaja kijana Wasa Daihachiro, akafyatua mishale 13,053, mmoja karibu kila sekunde 7, usiku kucha na mchana kutwa. Iliyopita ni 8,133! Ameshikilia rekodi hiyo tangu siku hiyo.