Ushindani usio na jaji: muziki wa kanisani Kariakoo

Lawama kwamba wanamuziki wa kanisani wanashindana badala ya kupiga pamoja husikika mara nyingi katika sharika za katikati ya Dar es Salaam, na aghalabu huambatana na dhana kwamba ushindani ni tabia ya kidunia iliyopenya kanisani pamoja na gitaa la umeme na studio za kurekodia. Historia ya eneo lenyewe haiikubali dhana hiyo kirahisi. Kati ya Mtaa wa Jangwani, yalipo makao ya Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935, na Mtaa wa Msimbazi, walipo watani wao Simba waliofuata mwaka 1936, kushindana ndiko kulikowafanya watu waliohamia mjini kutoka kila pembe ya nchi wajuane, na katika kazi hiyo muziki uliutangulia mpira.

Beni, yaani ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa tarumbeta, gwaride, sare na vyeo, ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea hadi Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, ilipokuwa imekwisha kuliachia jina eneo la Kariakoo, wacheza beni wa Dar es Salaam waligawanyika katika pande mbili, Marini na Arinoti, ambazo mwanahistoria Terence Ranger alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo. Marini walijihesabu kuwa watu wa hadhi, na Arinoti kwa jumla wakawavuta watu wa hali ya chini. Lakini pande zote mbili zilikuwa na matawi katika miji mingine, hivyo mgeni aliyeshuka mjini bila ndugu alipata upande wa kumpokea na kumsaidia. Vyama vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan viliendeleza desturi hiyo ya kuwa na mpinzani, na katika miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano viliigeuza kuwa vita vya mipasho, yaani nyimbo za kumsema mpinzani kwa mafumbo ambayo kila mtu ukumbini aliyaelewa.

Kwaya zilikulia katika mji huohuo. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, usharika mmoja wa mjini huweza kuwa na kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya uinjilisti na kwaya ya akina mama, kila moja ikiwa na mwenyekiti, mweka hazina, mwalimu na sare zake. Gregory Barz, mtaalamu wa muziki aliyezichunguza kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 2003, aliyapa mashindano ya kwaya nafasi kubwa, kwa kuwa aliona kwamba kwaya hizo ni jumuiya za kusaidiana kabla ya kuwa vikundi vya kuimba. (Wazee wanaowalaumu vijana kwa kujionyesha husahau upesi kwamba mashindano ya sare yana umri mkubwa kuliko kinanda cha umeme.)

Msingi wa mashindano ya kwaya ni wimbo wa lazima, yaani wimbo mmoja ambao kwaya zote hupewa mapema na kuuimba mbele ya majaji, kabla au baada ya wimbo ambao kila kwaya imejichagulia au kujitungia. Matokeo yake hayazingatiwi inavyostahili: kwaya zinazotaka kushindana hulazimika kwanza kujifunza kitu kilekile, sauti nne zilezile, kwa muda wa majuma mengi, kiasi kwamba siku ya mashindano ukumbi mzima unaujua wimbo huo na unaweza kuuimba kwa pamoja. Mpinzani anajua ugumu wa ubeti wa pili kwa sababu naye ulimtesa. Ushindani wa namna hiyo huwakutanisha watu, na anayeufuta kwa jina la umoja anaweza kujikuta amefuta pia sababu pekee ya kwaya mbili jirani kufanya mazoezi ya wimbo mmoja.

Kinacholalamikiwa leo ni ushindani wa aina nyingine, ule wa wapigaji waliomo katika kundi moja. Mwimbaji kiongozi huanza pambio bila kupewa sauti. Mpiga kinanda huutafuta ufunguo wake, ambao wapigaji wenyewe huuita “ki”, na akiupata hubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti ili vidole vyake vibaki kwenye pozi alilolizoea, huku mpiga gitaa, asiye na kitufe hicho, akihangaika kuhamisha mkono. Kisha mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hushuka kwenye noti za chini, mahali palepale panapofanyiwa kazi na gitaa la besi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwaachia wengine nafasi, noti mbili zinazokaribiana hugongana na kutoa mngurumo usio na umbo. Kila mmoja wao, akisikilizwa peke yake, anapiga vizuri.

Wapigaji hao hawana wimbo wa lazima, na wengi hawana hata siku ya mazoezi, hasa wale wa kukodiwa ambao hupiga ibada ya kwanza katika kanisa moja na ya pili katika jingine. Mpiga kinanda ambaye atakodiwa tena kwa sababu ya madoido yaliyosikika, wala si kwa sababu ya nafasi alizowaachia wenzake, ana haki ya kuhofia kunyamaza. Mahali pa jaji pamechukuliwa na fundi mitambo, anayekaa nyuma ya benchi la mwisho na kuamua nani asikike. Na wapigaji wakishaujua udhaifu wake, kila mmoja humwonyesha kidole cha kuelekea juu, ishara ya kuomba aongezewe sauti, mpaka spika zianze kupiga mluzi na mchungaji ageuke kutazama.