Kiuatilifu, Mzoga na Tumbusi: Kwa Nini Uhifadhi wa Spishi Unamhusu Mnunuzi

Mfugaji wa Oldonyo Sambu anayeamka na kukuta ndama wake ameraruliwa na fisi amepata hasara ya kweli. Wapo ambao, kwa uchungu, huchukua kiuatilifu kilichonunuliwa kwa ajili ya mahindi au maharage wakakinyunyizia mzoga, ili mnyama aliyeua arudipo afe. Makala haya yanaeleza kwa nini sumu hiyo humrudia mfugaji mwenyewe.

Kazi ya tumbusi

Wa kwanza kuufikia mzoga kwa kawaida si fisi, bali tumbusi. Ndege huyu huona mbali, huruka zaidi ya kilomita mia kwa siku, na kundi lake huweza kuumaliza mzoga kwa muda mfupi. Asidi ya tumbo lake ni kali mno, nayo huangamiza vijidudu vingi vya maradhi. Mzoga usioliwa huoza, huchafua maji na kuwakusanya mbwa wazururao, ambao hueneza kichaa cha mbwa.

Funzo kutoka India

Katika miaka ya 1990, tumbusi wa India walianza kutoweka. Idadi ya spishi tatu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 watafiti walibaini chanzo chake: diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa hiyo aliharibika figo akafa. Mizoga ikabaki, na mbwa wakapata chakula tele. Mwaka 2006 India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo, lakini tumbusi hawakurejea upesi, kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa msimu.

Hali ya kwetu

Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira uliziweka spishi kadhaa za tumbusi wa Afrika, akiwemo tumbusi mgongo-mweupe, katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, simba 6 na tumbusi 74 walikufa kwa sumu. Mzoga mmoja hutosha kuua kundi zima, na sumu hiyo haimchagui mbwa wa boma wala mtoto anayechunga.

Ushauri kwa mnunuzi

1. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, katika chombo chake cha asili chenye lebo inayosomeka. Usikubali kupimiwa katika chupa ya maji.

2. Kitumie kwa zao na kiasi kilichoandikwa katika lebo, na kihifadhi mahali penye kufuli.

3. Mfugo akihitaji dawa ya maumivu, mwulize daktari wa mifugo. Kataa diklofenaki, meloksikamu imethibitika kuwa salama kwa tumbusi.

4. Mfugo akifa ghafla huku akitokwa damu puani au mdomoni, usimchune wala usile nyama yake, kwani huenda ni kimeta. Mwite afisa mifugo.

5. Ukipoteza mfugo kwa mnyamapori, toa taarifa mapema kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Kanuni zimeweka kifuta jasho. Si fidia kamili, lakini ni haki yako kukiomba.

6. Imarisha zizi kwa miiba minene au waya, kwani fisi hushambulia zaidi usiku.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa sumu. Hata hivyo, sababu ya kujizuia haiishii katika hofu ya adhabu. Tumbusi husafisha malisho bila kudai ujira, na akitoweka, gharama ya kazi yake itamwangukia mfugaji.