Ziwa Linywewalo na Mji Mzima

Katika nchi ya Uskoti, iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza, yako maziwa mengi yaliyolala katikati ya milima. Moja katika hayo huitwa Loch Katrine. Neno "loch" kwa lugha ya wenyeji maana yake ni ziwa. Watu wa mji mkubwa wa Glasgow hupenda kwenda huko asubuhi na kurudi jioni, kwa kuwa si mbali. Mgeni afikapo hustaajabia utulivu wa mahali hapo. Lakini utulivu huo haukuja wenyewe. Una sababu yake, nayo yafaa kuelezwa.

Ziwa hili si kubwa. Urefu wake ni yapata maili 8, na upana wake ni kama maili moja tu. Mtu aliyezoea Ziwa Victoria angeliona kuwa ghuba ndogo. Maji yake ni maangavu na ya baridi, na pande zote kuna vilima vyenye miti na mawe. Mwenye miguu ya nguvu aweza kupanda kilima cha Ben A'an, ambacho kimo chake ni futi 1,500 hivi, na kutoka kileleni akaliona ziwa lote likinyoka kuelekea magharibi. Katika mwezi wa Juni jua huchelewa sana kutua, hata saa nne za usiku mwanga ungalipo. Mvua haina msimu, na visubi huuma vibaya. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huchukua koti.

Gatini hukaa meli ya mvuke iitwayo Sir Walter Scott. Jina hilo ni la mwandishi ambaye shairi lake juu ya ziwa hili, lililochapishwa mwaka 1810, liliwavuta wageni wengi kuja kulitazama. Meli iliundwa mwaka 1899 katika mji wa Dumbarton. Kwa kuwa hakuna mto wa kuipitisha, ilichukuliwa vipande vipande: kwanza kwa mashua juu ya ziwa jingine liitwalo Loch Lomond, kisha kwa magari ya kukokotwa na farasi, hata ikafika na kuunganishwa tena. Wasomaji wetu wa Kisumu hawatashangaa, maana meli William Mackinnon, iliyoundwa Paisley karibu na Glasgow, nayo ilibebwa vipande vipande kutoka pwani, ikashushwa katika Ziwa Victoria mwaka 1900.

Meli huelekea Stronachlachar, upande wa magharibi. Mbele zaidi, penye kichwa cha ziwa, ni Glengyle, alikozaliwa Rob Roy MacGregor mwaka 1671. Mtu huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, kisha akawa mashuhuri kwa kuwateka mifugo matajiri waliokuwa adui zake.

Sasa tueleze habari ya maji. Zamani watu wa Glasgow walikunywa maji ya visima na ya mto Clyde, ambao ulipokea taka za nyumba na za viwanda. Kipindupindu kiliwaangamiza mara kwa mara. Katika miaka ya 1853 na 1854 peke yake walikufa watu karibu 4,000. Hapo wakuu wa mji wakaazimia kutafuta maji safi milimani, hata kama gharama ni kubwa. Sheria ya kuwaruhusu ilipitishwa mwaka 1855, na kazi ikasimamiwa na mhandisi John Frederick Bateman.

Bwana Bateman hakutumia pampu. Ziwa liko juu kuliko mji, basi alichimba mfereji na kutoboa mahandaki katika miamba kwa urefu wa maili 26, hata penye bwawa la Mugdock. Mfereji huo huteremka inchi 10 tu kwa kila maili moja, na maji hutiririka yenyewe usiku na mchana. Malkia Victoria aliufungua tarehe 14 Oktoba, 1859. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, waliokufa Glasgow hawakutimia mia moja.

Lakini faida hiyo ilikuwa na bei yake, na si wote walioilipa walikuwa watu wa mjini. Kina cha ziwa kiliinuliwa kwa ukuta, na ardhi ya kandokando ikafunikwa na maji. Makaburi ya ukoo wa MacGregor yalikingwa kwa mawe, na leo yanaonekana yamejitokeza ziwani kama rasi ndogo. Baadaye hata kondoo waliokuwa wakilisha vilimani waliondolewa, ili kinyesi chao kisiingie majini, na miti ikaachwa imee mahali pao.

Hiyo ndiyo sababu ya utulivu ule. Katika barabara ya ukingo wa kaskazini, yenye maili 13 hivi, magari ya wageni hayaruhusiwi. Watu hutembea kwa miguu au kwa baisikeli. Meli nayo iliacha kutumia makaa mwaka 2007, ikapewa mafuta yatokanayo na mimea. Miaka kadhaa baadaye mitungi yake ya mvuke ilipata nyufa, ikasimama kwa matengenezo, na ikarudi kazini mwaka 2023.

Jioni msafiri hurudi Glasgow akiwa amechoka na mwenye kiu. Hufungua bomba nyumbani kwake na kujaza bilauri. Maji anayokunywa yametoka katika ziwa lile lile alilolitazama mchana, nayo yamekuja kwa njia iliyochimbwa kabla babu yake hajazaliwa.