Jinsi ruta inavyoijulisha kompyuta iko katika mtandao upi

MGENI aliyelala katika nyumba ya wageni ya Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar, husoma barua pepe zake alfajiri, akafunga kompyuta bila kuizima na kushika njia ya Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120.

Aifunguapo tena huko, alama ya Wi-Fi huonekana imejaa. Hata hivyo, mara nyingine ripoti aliyotaka kutuma haiendi, na ukurasa wa intaneti haufunguki. Wengi hulaumu mnara wa simu au kampuni ya intaneti, ilhali huenda kosa limo ndani ya kompyuta yenyewe: haijatambua kwamba imehama, nayo ingali inatumia anwani ya Nawoitorong.

Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika makazi jirani ya Kalobeyei, jambo hili si dogo. Kuna wanaosoma, wanaotafuta kazi na wanaozungumza na jamaa walio ng'ambo kwa njia ya mtandao. Mahojiano ya kazi yanayokatika hayarudiwi kwa urahisi.

Jina si ushahidi

Swali la kwanza ni kwa nini kompyuta isiangalie jina la Wi-Fi na kujua iliko. Sababu ni kwamba jina huwekwa na yeyote apendavyo. Maduka mawili yaliyonunua vifaa vya kampuni moja na kuacha jina la kiwandani yatakuwa na mitandao miwili yenye jina moja. Kwa upande mwingine, hospitali au chuo chaweza kuwa na antena nyingi, zote zikiwa mlango wa mtandao mmoja.

Kwa hiyo, kubadilika kwa antena hakuthibitishi kwamba mtandao umebadilika, wala kufanana kwa jina hakuthibitishi kwamba ni ule ule. Anayejua ukweli ni ruta, yaani kile kifaa kinachopokea pakiti za data na kuzielekeza nje.

Hodi na karibu

Katika mfumo wa anwani wa IPv6, ruta hutoa tangazo kwa vifaa vyote vilivyo karibu nayo. Kwa mipangilio ya kawaida, tangazo hilo hurudiwa baada ya muda usiozidi sekunde 600, yaani dakika 10. Kompyuta iliyoingia sasa hivi hailazimiki kungoja muda wote huo. Hupiga hodi kwa kutuma ombi, na ruta hujibu mara nyingi katika muda mfupi mno.

Ndani ya tangazo mna kianzio cha anwani, ambacho ni ile sehemu ya mbele inayotumiwa na vifaa vyote vya mtandao huo. Kompyuta huchukua kianzio hicho, ikaongeza sehemu yake na kupata anwani kamili.

Aidha, kila tangazo hubeba hesabu ya 255, ambayo hupungua kwa moja kila pakiti inapovuka ruta. Tangazo likifika na hesabu pungufu, kompyuta hulitupa, kwa kuwa limetoka nje ya mtandao huo.

Palipo na utata

Laiti mambo yangeishia hapo, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini anwani ambayo ruta huitumia kuzungumza na majirani zake huanza na fe80, nayo ina maana ndani ya mtandao huo tu. Ruta ya Lodwar na ya Kakuma zaweza kuwa na anwani moja ya namna hiyo bila kosa lolote.

Tena, ruta hailazimiki kutaja vianzio vyake vyote katika kila tangazo. Kompyuta ikisikia kianzio kigeni, haiwezi kukata shauri mara moja kwamba imehama. Huenda kilikuwapo tangu awali, ila hakikutajwa.

Suala hili lilishughulikiwa na IETF, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi inayotunga kanuni za intaneti. Novemba 2010 ilitoa waraka RFC 6059 unaoeleza njia nyepesi. Kompyuta huweka kumbukumbu ya ruta ilizowahi kukutana nazo, pamoja na nambari ya kadi ya mtandao ya kila moja. Inapounganishwa upya, huziita moja kwa moja zile inazozifahamu, na papo hapo hupiga hodi kwa ruta yoyote iliyopo.

Ikijibu ruta ya zamani, kompyuta hujua imerudi palepale na kuendelea na anwani yake. Isipojibu, nayo ikasikia tangazo la ruta nyingine, hutwaa anwani mpya.

Kwa anwani za zamani za IPv4, utaratibu unaofanana na huo ulitolewa Machi 2006 katika RFC 4436. Hapa nambari ya kadi ni muhimu zaidi, kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani na madukani hujiita 192.168.1.1. Kompyuta inayouliza anwani hiyo pekee yaweza kujibiwa Lodwar na pia Kakuma, ikadhani haikuondoka. Wakati huo huo huiuliza seva inayogawa anwani, na majibu yakigongana, neno la seva ndilo hufuatwa.

Tahadhari

Udhaifu uliopo ni kwamba tangazo la kawaida halina saini. Kompyuta ya mtu mwenye nia mbaya yaweza kujitangaza kuwa ruta na kuvuta mawasiliano ya wengine. Ndiyo maana swichi nyingi za ofisini huweza kuwekwa zizuie matangazo yatokayo mahali pasipo na ruta, njia iliyoelezwa katika RFC 6105 ya mwaka 2011.

Kwa mtumiaji wa kawaida, ishara ikiwa imejaa na data haipiti, hatua ya kwanza ni kuzima Wi-Fi na kuiwasha tena, ili kompyuta ipige hodi upya. Naye mwenye mkahawa, shule au nyumba ya wageni afanye jambo moja: aondoe jina la kiwandani na kuupa mtandao wake jina lisilofanana na la jirani. Halitachukua nafasi ya ruta, lakini litampunguzia mgeni utata pamoja na gharama ya kupiga simu kuuliza kulikoni.