Kura zikihesabiwa, tupia grupu picha ya mbuzi wako

Unalijua grupu la WhatsApp la mtaa wakati wa uchaguzi. Wiki iliyopita mlikuwa mkiulizana bei ya makaa na nani anaelekea Lokichar. Leo kila mtu ni mchambuzi, kila mtu ana "matokeo" aliyotumiwa na binamu yake, na wawili tayari wametoka wakiwa wamenuna. Halafu mmoja anatupia picha ya mbuzi aliyepanda kiti cha bodaboda. Kimya kidogo. Kisha vicheko vinaanza kumiminika.

Usimdharau huyo mbuzi.

Waingereza wamefanya hili kuwa desturi. Siku ya kura huwapiga picha mbwa wao nje ya kituo na kuziweka mtandaoni kwa hashtegi ya #dogsatpollingstations. Redio na runinga za kule haziruhusiwi kujadili masuala ya kampeni hadi vituo vifungwe saa nne usiku, kwa hivyo mbwa wanajaza pengo.

Sisi pengo letu huja baada ya kura. Mwaka wa 2022 tulipiga kura Jumanne, Agosti 9, na mshindi wa urais akatangazwa Agosti 15. Siku sita! Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zikipandishwa kwenye tovuti ya IEBC, kila msee na kikokotoo chake, kila runinga na hesabu yake. Hapo ndipo uvumi huota miguu. Katiba inaipa tume siku saba kutangaza, kwa hivyo jiandae kusubiri tena baada ya Agosti 10, 2027.

Kwa kusubiri huko, Lodwar na Kakuma tuna mtaji ambao Nairobi hawana. Ngamia wanakata barabara bila haraka, punda wana mizigo yao, mbuzi wako kila kona. Na kujivunia mnyama hakukuja na simu. Kwa desturi, mwanamume wa Kiturkana hujulikana kwa jina la dume lake alipendalo na humwimbia mbele za watu. Ukifika Kakuma, muulize kijana wa Kidinka kutoka Sudan Kusini. Atakwambia kwao pia mtu huitwa kwa jina la ng'ombe wake, na nyimbo za kusifu pembe na rangi yake zipo. Tangu kambi ifunguliwe mwaka wa 1992, wenyeji na wakimbizi wamegombana sana kuhusu kuni na maji. Kwa mifugo, lakini, wana stori ya kupiga pamoja.

Na kumbuka, huyo jirani mkimbizi hana kura. Grupu la timu ya mpira likigeuka la siasa, yeye hana la kuchangia, ila kila neno baya kuhusu "wageni" analisoma. Picha ya ngamia inampa nafasi ya kujibu kama mwenzenu.

Shida inaanza mnyama akigeuzwa tusi. Aprili 2022, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na "mende" lilikuwamo. Sababu unaijua: Rwanda, mwaka wa 1994, Watutsi waliitwa mende redioni huku wakiuawa. Kwa hivyo angalia maneno unayoandika chini ya picha. Weka jina la mnyama wako, basi. Ukiweka jina la mwanasiasa au kabila, hiyo si picha ya mbuzi tena.

Jogoo naye ana siasa yake: ni nembo ya KANU, kama simba alivyo wa Ford Kenya. Usishangae wazee wakikuuliza uko upande gani. Na ukiwa kituoni, karatasi uliyotia alama usiipige picha. Kura ni siri.

Picha za ukame nazo zinahitaji tarehe. Tulipiga kura ya 2022 mvua ikiwa imekosa misimu minne mfululizo, na mizoga ilitapakaa. Picha ya wakati huo ikirudishwa leo kana kwamba ni ya jana ni uongo, hata kama mzoga ni wa kweli.

Utasema huku ni kuikwepa siasa. La. Huku mbuzi ni karo, ni dawa, ni chakula cha jioni. Mgombea akija kuomba kura, muonyeshe hiyo picha umuulize kuhusu chanjo ya mifugo na visima. Akishaenda, irudishe kwenye grupu, uandike jina la mbuzi, na umwachie jirani yako naye alete wake.